Boila ya Mama Mutua

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi hii ya boila, na najua mnachotaka ni ujanja. Ujanja ninao kidogo, nitawapa. Ila mnivumilie, kwa sababu jambo ambalo kazi hii imeniachia kifuani halihusu ujanja.

Nianze na la kuchekesha, maana mbele hakuchekeshi.

Nilipoanza kazi hapa Minneapolis nilijiona mtu wa baridi. Mimi ni Mligo wa Njombe, nimekua nikivunja barafu juu ya ndoo asubuhi, nikadhani baridi tunafahamiana. Wiki yangu ya kwanza nilitumwa na mkuu wangu wa kazi, mzee Lloyd, kwenye nyumba moja kule Golden Valley. Rejeta za ghorofani, yale machuma ya ukutani yanayopashwa na maji ya moto ya boila, zilikuwa na hewa ndani, hazipati moto. Lloyd akaniambia nilegeze skrubu ndogo pembeni ya rejeta mpaka hewa itoke, kisha nikaze. Akashuka kwenye besimenti, chini ya nyumba, kwenye boila. Mimi sikulegeza, niliifungua yote ikaanguka. Maji meusi yakaruka kama mkojo wa punda kwenye zulia jeupe. Nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikapiga kelele. Nilisimama pale, kidole kinaungua, mpaka Lloyd akapanda na mkate wake mkononi. Akaniangalia, akatafuna, akameza, ndipo akasema, "Sasa hicho kidole utakiacha hapa, au una mpango mwingine?"

Ndivyo alivyokuwa. Mzee mrefu, mweupe, mwenye masikio makubwa, hajawahi kunipandishia sauti. Kila nilichojua kuhusu moto na maji nilikipata kwake. Alikuwa na msemo wake kuhusu boila inayozimazima, nauweka kwa Kiswahili: "Boila ikizima yenyewe, usiseme imeharibika. Imekataa. Tafuta imekataa nini." Na kabla hajagusa hata skrubu alimuuliza mwenye nyumba: inazima saa ngapi? Ulikuwa unafanya nini? Watu walimwona mbea. Wakati mwingine alikaa jikoni kwao robo saa nzima akisikiliza habari za mbwa.

Mimi niliyakariri maneno yake yote. Kuyakariri na kuyafuata ni mambo mawili.

Sasa nije kwa Mama Mutua.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Binti yake, Mwikali, alikuwa nesi katika hospitali moja ya Maplewood, Mkamba wa Machakos, mchapakazi, anayetembea kama amechelewa hata siku ya mapumziko. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani upande wa mashariki wa Saint Paul, mji jirani, na vuli ile akaitengeneza: akabadilisha madirisha yote, akaziba kila ufa, akaweka jikoni feni kubwa ya kuvuta moshi na harufu ya chakula nje. Kisha akamleta mama yake kutoka nyumbani aje akae naye majira yale ya baridi. Yeye alitoka alfajiri kwenda kazini, mama akabaki peke yake mpaka jioni.

Boila ikaanza kuzima. Wakapiga simu ofisini kwetu, na kwa sababu mama hajui Kiingereza, wakanituma mimi.

Nilipofika nilimwamkia shikamoo. Akacheka mpaka akashika mlango. "Ninyi Watanzania na hiyo shikamoo yenu! Marahaba, mwanangu. Ingia, nje ni kubaya." Mama mfupi, kitambaa kichwani, sweta mbili za bintiye moja juu ya nyingine. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa ikichemka. Aliponiona nimeingia alizima feni iliyokuwa ikinguruma, tusikizane, akapunguza na moto.

Nikashuka chini. Boila ilikuwa nzima. Kile kimoto kidogo cha kuwashia kinawaka, umeme upo, maji yapo. Ila juu yake, pale moshi unapoingia kwenye bomba la kwenda dohani, kuna swichi ndogo yenye kitufe chekundu. Ninyi mnaijua: moshi ukirudi nyuma badala ya kupanda dohani, swichi inapata joto, inakata, na boila haiwaki tena mpaka mtu abonyeze. Ilikuwa imekata. Nikabonyeza, moto ukashika. Nikasimama dakika kumi, hakuna kitu. Nikapanda.

"Kula kwanza," akasema. Ameshanipakulia. Ilikuwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, chakula cha kwao. "Hii nachemsha tangu asubuhi. Na mimi nikuambie kitu, kijana. Hiyo moto yenu inazima saa ile napika muthokoi."

Nikacheka na mdomo umejaa. "Mama, boila haijui unapika nini."

"Mimi nakuambia vile naona. Nikipika chai haizimi. Nikipika ugali haizimi. Muthokoi, inazima."

Nikamwambia chakula ni kitamu, nikaondoka. Kwenye karatasi nikaandika: imewashwa, inafanya kazi.

Wiki iliyofuata nikarudi, na mambo yalikuwa yale yale: mama kazima feni, kanikaribisha, kitufe kimeruka. Nikaamua swichi imechoka, nikaweka mpya. Nikasimama chini dakika ishirini safari hii. Ikawaka vizuri. Nilipopanda, chakula kiko mezani. Akaniambia tena, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Ni muthokoi, mwanangu. Inakaa kwa moto masaa mengi. Na hiyo feni Mwikali anataka iwake, ati nguo zake za kazi zisinuke. Feni ikikaa sana, chini kunazima."

Mnaona? Alishanimalizia kazi. Mama aliyesoma darasa la tatu, ambaye hajawahi kuishi na boila, alikuwa ametazama na kulinganisha siku hata siku, akanipa jibu kamili kwa lugha ninayoielewa. Lloyd angekuwa pale asingeelewa hata neno, na angenipigia magoti nimweleze maana. Mimi nilielewa kila neno, nikamwitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku nikitafuta funguo za gari.

Na angalieni jambo moja: kila nilipoingia, alizima feni kwa heshima ya mgeni. Kwa hiyo kila nilipoijaribu boila, ugonjwa haukuwepo. Ndiyo maana nawaambia, mkifika kwenye nyumba ya watu waambieni waendelee na walichokuwa wakifanya. Nguo zifuliwe, feni ingurume, mlango uliokuwa umefungwa ufungwe. Ukifika ukanyamazisha nyumba, unapima nyumba nyingine.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya Ijumaa, baridi imekaza hata mate yanasikika yakipasuka yakigusa chini. Nilikuwa na nyumba kumi na moja zinazonisubiri, nyingine zina watoto wachanga. Nilishuka moja kwa moja besimenti, sikukaa kula. Kitufe kimeruka tena. Swichi mpya! Nikakasirika, si na mtu, na swichi. Nikachukua kipande cha waya kifupi kuliko kidole changu, nikaunganisha nyaya mbili za swichi ile, umeme ukapita pembeni yake kana kwamba haipo.

Nikamwambia Mama Mutua, "Haitazima tena. Jumatatu naleta kifaa kingine."

"Mungu akubariki," akasema. "Utakula Jumatatu basi."

Jumatatu sikwenda, na Jumanne pia. Kulikuwa na simu nyingi, mabomba yalikuwa yanapasuka mji mzima, na kwao hawakulalamika. Nyumba isiyolalamika unaisahau. Ule waya nauita leo kwa jina lake: nilimziba mdomo aliyekuwa akipiga kelele ya hatari. Wakati huo niliuita msaada wa muda.

Zikapita wiki mbili na siku kadhaa. Mwikali akapiga simu ofisini, akaniomba mimi.

"Fundi, asante sana, hiyo boiler iko sawa sasa. Haijazima hata mara moja." Kisha sauti ikashuka. "Nilikuwa nataka kuuliza, unajua mtu yeyote anasafiri kwenda Nairobi wiki hii? Nime-book ticket ya mama. Sitaki asafiri peke yake."

"Mbona mapema? Si alikuwa akae mpaka baridi iishe?"

"Amechanganyikiwa, ndugu yangu. Sijui ni uzee ama ni hii nchi. Ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Anaacha maji wazi. Anasema kichwa, kichwa, kila siku kichwa. Na juzi nimerudi kazini nikampata ameketi nje kwa ngazi, kwa theluji, na blanketi. Anasema ndani ya nyumba kunamkula. Nimeongea na Mutua, ndugu yangu mkubwa. Tumeamua arudi nyumbani aangaliwe."

Nilijua. Hakuna mtu alinieleza. Nilijua hapo hapo, simu sikioni. Moshi ulikuwa umerudi ndani ya nyumba wiki mbili, na pamoja nao ile gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi. Vile ving'ora vya ukutani vinavyolia gesi ikizidi, wakati ule watu wengi hawakuwa navyo. Yeye Mwikali hakuwepo mchana, na usiku feni ilikuwa haiwaki, kwa hiyo kilichompata ni kichwa kumuuma kidogo tu, akasingizia zamu ndefu. Mama ndiye alikuwa ndani na sufuria yake.

Nikamwambia Lloyd kuna boila inanisumbua Saint Paul, aje aione. Tukaenda mchana ule ule, kila mmoja na gari lake, nikaendesha kwa kasi nifike kabla yake.

Mama Mutua alikuwa ameketi ngazini, blanketi mpaka kidevuni, pumzi inatoka kama ya ng'ombe. Uso ulikuwa umevimba kidogo. Alinitazama akachelewa kunitambua. "Ni wewe wa shikamoo," akasema. "Hapa kichwa kinapoa. Ndani kinapasuka."

Nilimpita. Sikuchutama hata kumshika mkono. Nikakimbilia besimenti, nikaung'oa ule waya, nikautia mfukoni, nikarudisha nyaya kwenye swichi. Nikapanda nikakuta Lloyd amefika, ameinama mbele ya mama, kofia mkononi.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nami nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri, "Anasema anapenda hewa ya nje."

Nimetafsiri mambo mengi maishani: mahakamani, hospitalini, kwenye harusi. Sentensi hiyo ndiyo ninayoikumbuka neno kwa neno.

Lloyd aliingia jikoni akatazama madirisha mapya, akapapasa kingo zake. Akatazama feni. Akaiwasha. Akashuka chini, akaiacha boila iwake, akawasha njiti ya kiberiti, akaizima, akasogeza moshi wake pale mdomoni mwa bomba. Hii Lloyd alinifunza kabla ya mashine zenu za kupima: moshi wa njiti unatakiwa unyonywe juu. Ule ulirudi ukampiga usoni. Baada ya muda kidogo kitufe kikaruka, tak.

"Nyumba imezibwa kama chupa," akasema. "Feni inataka hewa, haina pa kuipata, inaivuta kupitia dohani. Moshi unashuka badala ya kupanda. Hii swichi ni nzima kabisa." Kisha akanigeukia. "Lakini wanasema haijazima wiki mbili. Kwa nini?"

Waya ulikuwa mfukoni, naugusa kwa kidole.

"Labda hakuwa akipika," nikasema.

Nadhani alitaka kuniamini, na mtu akitaka kukuamini kazi yako inakuwa nyepesi sana. Tukafungua madirisha. Kabla jua halijazama tulikuwa tumetoboa ukuta wa besimenti na kupitisha bomba la kuingiza hewa ya nje karibu na boila. Tukajaribu na feni ikinguruma. Moshi ukapanda.

Akiingia garini Lloyd akaniambia, "Huyu mama anaweza kuwa amevuta gesi. Mngojee binti yake. Mweleze kila kitu kwa lugha yenu, aelewe vizuri. Apelekwe akapimwe damu leo."

"Sawa," nikasema.

Mwikali akarudi, bado na nguo za kazi. Nikamwambia tumeongeza bomba la hewa, feni sasa haitasumbua boila. Akasema asante. Nikasubiri mdomo wangu uendelee. Nilikuwa nafikiria leseni yangu, na karatasi zangu za kuishi nchini ambazo zilikuwa hazijakamilika, na jinsi Lloyd angenitazama. Mama alikuwa ameketi kwenye kochi nyuma yake, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa atulie.

"Safari ni lini?" nikauliza.

"Jumamosi."

Nikawatakia safari njema.

Mama alipona, bila shaka. Mwikali mwenyewe aliniambia kwamba siku ya kwenda uwanja wa ndege alikuwa amechangamka, anajua kila kitu. "Ona vile anafurahi anarudi kwao," akasema. Lakini habari ilishatangulia Machakos: mama amerukwa na akili Amerika. Watoto wakagawana kumwangalia. Wakamwondolea ufunguo wa duka lake dogo la nafaka, wakamwekea msichana wa kulala naye. Hayo niliyajua baadaye.

Baada ya mwaka na kitu nilikutana na Mwikali kwenye jengo kubwa la maduka kule Roseville. Ameolewa, ana mimba ya miezi minane, anatembea bado kama amechelewa. Mimi nilikuwa na mfuko wa soksi.

"Mama anataka sana kuja," akaniambia. "Anasema nani atamwogesha mtoto? Kila wiki kwa simu ni hiyo tu. But nitafanya aje? Ikianza tena, na mimi niko kazini, na mtoto mdogo ndani? Siwezi risk."

Hapo ndipo mahali ninaporudi. Waya niliufunga kwa haraka, na ngazini niliogopa, lakini Roseville sikuwa na haraka wala hofu kubwa. Karatasi zangu zilikuwa zimetoka. Sentensi moja ingetosha: mlete mama yako, hakuwa na ugonjwa wowote. Watu walikuwa wakipita na watoto na maputo.

"Kweli," nikasema. "Baridi ya huku si ya wazee."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaagana.

Lloyd alistaafu akiamini nilimweleza Mwikali kila kitu. Siku ya kumuaga alinipa kisanduku chake cha vifaa, akawaambia wenzangu kwamba mimi ndiye fundi anayejua kusikiliza watu. Walinipigia makofi, nami nikapokea.

Mama Mutua alifariki mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya tisini, kwa shinikizo la damu, nyumbani kwake. Mjukuu wake wa Saint Paul alimjua kwa sauti ya simu tu, na mtoto mwenyewe alikuwa akimjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo hata kwa simu hawakuongea sana. Nilikwenda kwenye matanga nyumbani kwa Mwikali. Watu walijaa, waliimba, wakala. Niliposhika mkono wake aliniambia, "Fundi, wewe ulimjua alipokuwa hapa. Alikuwa anakupenda. Alisema wewe unakula vizuri."

Nikakaa siku sita bila kulala. Jumapili iliyofuata, asubuhi, nikarudi peke yangu.

Nilimweleza tukiwa tumeketi jikoni. Feni, madirisha, dohani. Muthokoi, na jinsi alivyoniambia mara mbili. Waya. Wiki mbili. Ngazini, na nilivyomtafsiria Lloyd. Roseville. Sikuacha kitu, na sikuweka kisingizio, nilikuwa nimejizoeza garini nisiweke.

Nilitaka anipige kofi. Nilitaka anifukuze, anishtaki, nilikuwa tayari. Yeye aliangalia mikono yake.

"Kichwa," akasema. "Kuchanganyikiwa. Akitoka nje anapata nafuu." Alikuwa akihesabu kwa vidole, taratibu. "Mimi ni nesi. Hizo dalili ningeulizwa kwa mtihani ningejibu bila kufikiria. Nilikuwa naona mama anazeeka tu."

"Kosa ni langu, Mwikali."

"Najua ni lako," akasema. "Usininyang'anye langu."

Kisha akainuka, akachukua kadi ya simu kutoka droo, akakwangua namba, akapiga. Kwao ilikuwa jioni. Akabonyeza sauti itoke nje, akaweka simu mezani katikati yetu.

"Ni kaka yangu Mutua," akaniambia. "Utamwambia wewe. Vile umeniambia mimi, yote."

Nikaanza upya. Mara ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu unasikia mtu anapumua na humwoni. Nikafika mwisho.

"Kwa hivyo mama alikuwa sawa," akasema Mutua.

"Alikuwa sawa."

"Sisi tulimwekea mtu wa kumchunga. Tulichukua ufunguo wa duka."

"Alikuwa sawa, kaka. Siku zote."

Akauliza tena, safari hii si mimi, alimuuliza dada yake, kwa Kikamba. Mwikali akainama karibu na simu akaanza kumjibu kwa lugha ambayo siijui, akilia, na yeye kule analia. Hakuna aliyenitazama. Nikachukua koti langu, nikavaa viatu mlangoni, nikajifungulia mwenyewe.